Fahamu: Hisabati inayosikiliza ardhi ya Hanang

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang, kaskazini mwa Tanzania, na kufukia sehemu za Katesh na Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wengi waliuliza: volkano imeamka? Serikali ilijibu hapana. Miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka.

Kujua mlima unasema nini kunahitaji sikio. Fukia kipima tetemeko pale Masakta, wilayani Hanang, mstari wake hautatulia: ng'ombe wanakwenda majini, lori linapita, upepo unatikisa miti, na huenda Bonde la Ufa nalo limejinyoosha kidogo. Vyote kwa mpigo, kama ngoma za harusi tatu katika mtaa mmoja. Kuitenga kila ngoma kwa mdundo wake ndiyo kazi ya wanahisabati wa uchakataji wa mawimbi, wanaokutana katika mkutano wa kimataifa wa ICASSP tangu 1976.

Kanuni ya kuzitenga ni ya Mfaransa Joseph Fourier, ila ilichosha: vipimo 1,024 vilidai kuzidisha mara milioni moja hivi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey wa Marekani walichapisha njia ya mkato. Mara elfu kumi hivi zikatosha. Msukumo mmoja ulikuwa kunasa, kwa mtetemo wa ardhi, majaribio ya nyuklia ya Wasovieti. (Mjerumani Gauss aliigundua njia hiyo mapema, mwaka 1805 hivi, akaiacha kwenye makaratasi yake!)

Simu yako ya 4G huitumia njia hiyohiyo kila inapopokea picha.