Rangi inayofichua mishipa ya jicho inayovuja

Je, wewe msomaji una ugonjwa wa kisukari na bado unasoma gazeti hili bila taabu? Usijipongeze mapema. Mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho huweza kuharibika kwa muda mrefu kabla hujaona ukungu wowote.

Mkazi wa Nakuru anajua taabu ya bomba lililopasuka chini ya ardhi: maji yanapotea, lakini pa kuchimba hapajulikani. Ndivyo ilivyo kwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Daktari aweza kuona umevimba, asijue ni mshipa upi unaovuja. Hapo hutumia rangi.

Utatiwa matone ya kupanua mboni, uketi mbele ya kamera, kisha udungwe mkononi sindano ya fluoresini, rangi ya manjano. (La, hudungwi jichoni! Wengi hutoroka kwa hofu hiyo.) Baada ya sekunde 10 hadi 15 hivi, rangi hufika kwenye retina, na ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani. Kamera hupiga picha mfululizo. Rangi ikichelewa, damu haipiti sawasawa. Isipofika mahali fulani, mshipa umeziba. Ikitapakaa, unavuja, na daktari ajua pa kuelekeza mwale wa leza.

Njia hii ilielezwa mwaka 1961 na Harold Novotny na David Alvis, waliokuwa wanafunzi wa udaktari Indiana, Marekani. Alvis mwenyewe ndiye aliyedungwa kwanza.

Huku kwetu, mwaka 2007 na 2008 watafiti walipima macho ya watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru. Waliporudi 2013, walijaribu pia simu ya mkononi iliyofungwa kifaa cha kupigia picha nyuma ya jicho. Picha kama hiyo yaweza kukuwahisha hospitalini, lakini haionyeshi damu inavyopita.

Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka. Ukiambiwa unahitaji rangi, taja mapema kama una mzio, pumu au mimba, kwani mara chache mwili huikataa vibaya. Wengine huhisi kichefuchefu kidogo. Ngozi itakuwa manjano kwa saa chache, na mkojo hadi kesho yake, usishtuke.

Siku hiyo usiendeshe gari, maana mboni huchukua saa kadhaa kurudi. Vaa miwani ya jua, upande matatu ya Njoro au Bahati pamoja na mwenzio.