Kumsaidia Mtoto Asiyeweza Kutulia

Miongoni mwa watoto wanaochapwa mara kwa mara nyumbani na shuleni wamo ambao makosa yao hayatokani na ukaidi. Huanza kazi wakaiacha katikati, hupoteza kalamu na madaftari, hujibu kabla swali halijamalizika, tena hawawezi kukaa kitako kwa muda ambao wenzao wa umri huo hukaa bila taabu. Walimu huwaita watundu, na majirani husema wamedekezwa. Sayansi ya tiba ina maelezo mengine. Wengi wao wana tofauti katika ukuaji wa ubongo ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD, yaani upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliokithiri.

Hali hii haikuletwa na maisha ya kisasa. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwahutubia madaktari wenzake jijini London juu ya watoto wa namna hiyo. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika nchi mbalimbali unakadiria kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 wanayo, na kwamba kwa sehemu kubwa hurithiwa. Kwa hiyo mzazi hana sababu ya kujilaumu, wala ya kumtafuta mchawi.

Kuhakikisha kwanza

Si kila mtoto mchangamfu ana hali hii. Dalili hazina budi kuwa zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayefuata vizuri mambo ya nyumbani lakini hafuati ya darasani, yawezekana haoni ubao au hamsikii mwalimu. Mwingine huzubaa kwa sekunde chache mara nyingi kwa siku kutokana na aina fulani ya kifafa.

Malaria nayo isisahauliwe. Utafiti uliofanywa Kampala, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa miaka 2 baada ya kupona malaria iliyopanda kichwani, mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, hasa umakini. Kwa hiyo chandarua hukinga pia uwezo wa mtoto wa kujifunza.

Mpango wa siku

Ubongo wa mtoto huyu hupata shida kujipangia mambo, basi siku yenyewe na impangie. Jambo la kwanza ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kila usiku, na akikosa, hata mtoto asiye na ADHD huonyesha dalili zinazofanana nayo. Mkoani Morogoro jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima. Mtoto wa Mgeta au Kinole anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi shule anapaswa kuwa amelala ifikapo saa 2 usiku. Mjini, televisheni na simu zizimwe saa moja kabla ya kulala.

Jambo la pili ni kuutumia mwili. Shirika la Afya Duniani hushauri watoto wapate angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Watoto wa vijiji vya Uluguru huzipata kwa kupanda na kushuka vilima, ilhali mtoto wa mjini anayepanda daladala kwenda na kurudi huzikosa. Utafiti mdogo wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kuwa watoto wenye ADHD walikuwa makini zaidi baada ya kutembea dakika 20 penye miti kuliko baada ya kutembea katikati ya mji. Wakazi wa Morogoro hawana haja ya kwenda mbali, kwani njia ya kupandia Morningside huanzia mjini humo humo. Kazi ya shule ifuate baada ya matembezi, kwa vipande vya dakika 10 au 15 na mapumziko mafupi kati yake.

Jambo la tatu ni chakula. Majaribio yameonyesha kuwa sukari haisababishi ADHD. Hata hivyo uji wa asubuhi humwondolea mtoto njaa inayovuruga mawazo. Maharage, mchicha na dagaa humpatia madini ya chuma, ambayo upungufu wake hudhoofisha umakini. Tunda kama papai au chungwa husaidia mwili kuyapokea madini hayo, bali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia.

Maagizo na nidhamu

Mtoto akiambiwa, "Kateke maji, kisha ufunge mbuzi, halafu uchambue maharage," atateka maji na kuyasahau mengine. Afadhali aitwe karibu, atazamane na msemaji, apewe agizo moja, alirudie kwa kinywa chake, na akilitimiza asifiwe papo hapo. Sifa inayokuja jioni imechelewa.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na ni kweli kwamba nidhamu yahitajika. Lakini fimbo haiupi ubongo uwezo wa kujizuia ambao haunao; humfundisha mtoto kuogopa shule, na mwishowe kuikimbia. Adhabu iwe ndogo, ijulikane mapema, na isibadilike. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika malezi. Basi mama, baba, bibi na mjomba wapatane juu ya kanuni chache, na mwalimu aarifiwe.

Mpango huu hauponyi ADHD, bali hupunguza uzito wake. Endapo baada ya miezi michache mtoto bado anashindwa masomo au anajihatarisha, apelekwe kituo cha afya ili apate rufaa hadi hospitali ya mkoa. Zipo dawa zinazosaidia, nazo hutolewa kwa uangalizi wa daktari tu. Mtoto anayeeleweka mapema aweza kumaliza shule pamoja na wenzake.