Kamba Aliyekula Bustani ya Naivasha

Siku utakapowapeleka watoto Naivasha, waambie watazame vyema kando ya maji, hasa jua linapozama. Huenda wakamwona kiumbe mwekundu mwenye magando kama ya kaa na mkia kama wa kamba wa Mombasa. Wakimgusa kwa mbele watajuta! Hushikwa mgongoni, nyuma ya magando.

Huyu ni kamba wa maji baridi, naye ni mgeni. Kwao ni Louisiana, Marekani. Aliletwa Uganda katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1970 akatiwa Ziwa Naivasha ili avuliwe na kuuzwa. Na kweli aliuzwa, hata Ulaya.

Lakini je, ziwani angekula nini? Kumbe hachagui! Majani, mizizi, konokono, minyoo, mizoga, yote ni chakula. Hata mwenzake humla, hasa aliyetoka kujivua gamba. Gamba lake gumu halikui, kwa hivyo akinenepa sharti alivue, na kwa muda huo mwili wake huwa laini, hana silaha. Gando likikatika, jipya huota polepole kila anapojivua.

Kufikia mapema miaka ya 1980, yungiyungi na mimea mingine ya majini ilikuwa karibu imetoweka Naivasha. Samaki wachanga wakakosa maficho, na ndege waliotegemea mimea hiyo wakakosa lishe. Mimea ilipokwisha, kamba nao wakapungua. Walipopungua, mimea ikaanza kurudi. Iliporudi, kamba wakajaa tena.

Hata hivyo tusimlaani kabisa. Konokono anaowatafuna ni pamoja na wale wanaoeneza kichocho, na katika miaka ya 1990 watafiti walimjaribu humu nchini kama askari wa kupambana na ugonjwa huo. Ni askari wa ajabu lakini, maana hula na shamba analolinda.

Kummaliza si rahisi. Maji yakikauka huchimba shimo matopeni akajificha. Usiku wenye unyevu huweza kutembea nchi kavu akahamia dimbwi jingine. Jike hubeba mayai kwa mamia chini ya mkia, akiyapepea kwa vijiguu vyake ili yapate hewa, na vitoto vikianguliwa hung'ang'ania papo hapo kwa siku kadhaa.

Kwa hivyo mwanao akikuomba ambebe mmoja kwenye ndoo hadi nyumbani, mgeuze kwanza umtazame chini ya mkia.