Mwalimu Asiogope Historia



Jamaa zetu waliohamia Kanada wanatuuliza kwenye simu: mbona kila tarehe 30 Septemba watoto wanaambiwa wavae fulana ya rangi ya machungwa shuleni? Mwezi huu tunajibu, maana jambo hili linatugusa hata sisi tuliobaki kambini.

Mwaka 1973 mtoto wa miaka sita, Phyllis Webstad, wa wenyeji wa asili wa Kanada, alipelekwa shule ya bweni akiwa na shati jipya la rangi hiyo, alilonunuliwa na bibi yake. Siku ya kwanza tu walimvua, na hakurudishiwa tena. Shule hizo zililipiwa na serikali na kuendeshwa na makanisa kwa zaidi ya miaka mia moja. Watoto zaidi ya 150,000 walipitia humo, mbali na wazazi, wakikatazwa lugha ya kwao. Maelfu walikufa. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990.

Mwaka 2008 serikali iliomba radhi. Tume ya Ukweli na Maridhiano ikasikiliza mashahidi zaidi ya 6,000, na mwaka 2015 ikatoa miito 94. Mmoja unataka historia hiyo ifundishwe kuanzia chekechea hadi darasa la 12, kulingana na umri wa mtoto, na walimu waandaliwe kuifundisha.

Kwa nini mwalimu? Kwa sababu ubaya ule ulipitia darasani. Mtoto aliyeona aibu kwa lugha ya mama yake, aibu hiyo alifundishwa. Basi kutengeneza nako kuanzie hapo hapo.

Kwanza, mwalimu aseme ukweli. Mtoto mdogo habari ya shati inamtosha. Habari za vifo zingoje akue. Pili, asimlaumu mwanafunzi yeyote kwa makosa ya wakubwa wa zamani. Tatu, asimsimamishe mtoto wa wenyeji mbele ya wenzake eti atoe ushahidi. Awaombe wazee waje, wakikubali.

Na sisi huku je? Watoto wetu wanakaa benchi moja, na huenda wazazi wao walikimbia pande mbili tofauti za vita ile ile. Kuna pia watoto wa Batwa, ambao babu zao waliishi kwenye misitu ya Maziwa Makuu kabla yetu wengine. Mtoto wa Batwa akichekwa, mwalimu akajifanya hasikii, darasa zima limeshajifunza kitu. Kunyamaza nako ni somo.

Wazazi, tusimwachie mwalimu peke yake. Matusi ya kabila mtoto hayaokoti barabarani tu, mengine anayasikia kwetu jioni wakati wa kula. Akiuliza "Mama, tulikimbia nini?", tusimfukuze. Tumjibu ukweli kwa kipimo chake, bila kumpa mtu wa kumchukia.