Kuzibua Mirija ya Nyongo kwa Endoskopu: Faida na Hatari Zake

Katika Mji Mkongwe wa Unguja vipo vichochoro ambamo watu wawili wenye mizigo hawawezi kupishana. Mkokoteni mmoja ukikwama penye kona, shughuli za mtaa mzima husimama. Ndani ya mwili wa binadamu pia pana njia nyembamba ya namna hiyo, nayo ni pale mrija wa nyongo na mrija wa kongosho unapokutana na utumbo.

Ini hutengeneza nyongo, ambayo husaidia kusaga mafuta ya chakula. Kongosho nayo hutoa maji yenye vimeng'enya vya kusaga protini, wanga na mafuta. Mirija ya viungo hivi viwili humwaga maji yake katika duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, kwa kupitia chuchu ndogo. Chuchu hiyo huzungukwa na msuli wa mviringo unaoifunga na kuifungua. Msuli huo huitwa kwa jina la Ruggero Oddi, Mwitaliano aliyeueleza mwaka 1887 alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari.

Njia inapoziba

Mrija wa nyongo huweza kuzibwa na kijiwe kilichotoka katika mfuko wa nyongo, na saratani ya kongosho, au hata na mnyoo aliyepanda kutoka utumboni. Wenye maradhi ya selimundu wamo katika hatari zaidi ya kupata vijiwe. Chembe nyekundu za damu yao huvunjika upesi, na rangi inayotokana na chembe hizo hugandamana katika nyongo.

Njia ikiziba, nyongo hurudi katika damu. Macho na ngozi hugeuka manjano, mkojo huwa wa rangi ya chai kavu, na choo hupauka. Bakteria wakizaliana katika nyongo iliyotuama, mgonjwa hushikwa na homa ya kutetemeka. Asipotibiwa upesi, anaweza kufa.

Zamani dawa ya hali hii ilikuwa kupasua tumbo. Mwaka 1968 William McCune na wenzake, huko Marekani, walifaulu kuingiza mpira mwembamba katika chuchu ile kwa kutumia endoskopu. Mwaka 1974 Keiichi Kawai wa Japani na Meinhard Classen wa Ujerumani, kila mmoja na wenzake, walionyesha kwamba msuli wa Oddi unaweza kukatwa kwa waya wa umeme uliopitishwa ndani ya chombo hicho. Tangu hapo kijiwe kiliweza kutolewa bila ya kisu kugusa ngozi. Palipo na saratani, daktari huweza kuweka stenti, yaani kijibomba cha kuweka njia wazi.

Hatari zake

Kukosekana kwa jeraha la nje kusimfanye mtu adhani kwamba tiba hii ni nyepesi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, wagonjwa 2,347 wa Marekani na Kanada waliokatwa msuli huo walifuatiliwa. Wagonjwa 229 kati yao, yaani karibu mmoja katika kila kumi, walipata madhara. Waliopata mwako wa kongosho walikuwa 127, na waliotokwa na damu 48. Kutoboka kwa utumbo au mrija kulikuwa nadra, chini ya mtu mmoja katika kila mia.

Kwa nini kongosho ndiyo inayoumia zaidi? Vimeng'enya vyake vya kusaga protini hutolewa vikiwa vimelala, na kwa kawaida huamshwa baada ya kufika utumboni. Chuchu ikichokolewa mara nyingi au ikiunguzwa na umeme, huvimba na kuziba. Maji ya kongosho yakikosa pa kutokea, vimeng'enya huamka mumo humo na kuanza kuisaga kongosho yenyewe. Mara nyingi mwako huu hupoa katika siku chache, lakini wachache huzidiwa na hata kufa.

Hatari hii hupunguzwa kwa njia kadhaa. Mwaka 2012 majaribio yaliyofanywa Marekani kwa wagonjwa 602, wengi wao wakiwa katika hatari kubwa, yalionyesha kwamba dawa ya indomethasini iliyotiwa kwa njia ya haja kubwa iliteremsha mwako wa kongosho kutoka asilimia 16.9 hadi 9.2. Endoskopu nayo haina budi kusafishwa kwa uangalifu mkubwa, kwani ncha yake ina vijishimo ambamo bakteria hujificha. Lakini kinga iliyo kubwa kuliko zote ni kutoifanya kazi hii pasipo haja. Ikiwa linalotakiwa ni picha tu, mashine ya mawimbi ya sauti au ya MRI huionyesha mirija bila ya kuigusa.

Mgonjwa wa ng'ambo ya bahari

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazotoa tiba hii. Kwa mkaazi wa Unguja, safari ya saa mbili hivi baharini ni sehemu ya hatari yenyewe. Mwako wa kongosho kwa kawaida hujitokeza katika saa 24 za mwanzo, hivyo si busara kukimbilia boti jioni ile ile kwa sababu tu maumivu hayajaonekana. Damu nayo huweza kutoka hata baada ya wiki moja au mbili. Maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kutapika mfululizo, homa, au choo cheusi kama lami, ni dalili za kumfikisha mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja bila kukawia, akiwa na karatasi zake za matibabu.

Liko jambo jingine linalosahaulika. Stenti ya plastiki huziba baada ya muda, na kwa kawaida hutolewa au kubadilishwa katika miezi mitatu hivi. Mgonjwa aliyepona manjano hujiona mzima, akaiona nauli ya kuvuka tena kuwa hasara. Stenti ikiziba, nyongo hutuama kama mwanzo, na homa hurudi. Kwa hiyo kila mgonjwa, kabla ya kuondoka hospitali, aulize mambo mawili: je, amewekewa stenti? Na tarehe ya kuitoa ni ipi? Tarehe hiyo iandikwe, na jamaa zake waijue.