Msiri, mfalme wa shaba: karatasi ilimushinda kuliko bunduki

Watoto wetu wanasoma ku masomo habari ya Guillaume, mutawala wa Normandie, mwenye alivuka bahari mu mwaka 1066, akashinda Waingereza, akavalishwa taji siku ya Noeli ya ule mwaka. Ni vizuri wasome. Lakini hapa Kongo tulikuwa na mutu wa namna ile: alitoka inchi ya mbali, akakuta wenyeji, akakuwa mfalme juu yao. Na yeye nguvu yake ilitoka mu migodi. Jina lake ni Msiri. Kila mutu mwenye anachimba, ikuwe zahabu ya Manguredjipa ao koltani, anapashwa kujua habari yake.

Mutoto wa muchuruzi

Msiri alizaliwa karibu ya mwaka 1830, ngambo ya ziwa Tanganyika, ku upande wa Tabora. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Baba yake Kalasa alikuwa anafanya safari mupaka Katanga kwenda kununua shaba.

Tuelewane hapa. Wenyeji wa Katanga, sawa vile Wasanga, walikuwa wanachimba na kuyeyusha shaba miaka mamia mbele mzungu hajafika. Walikuwa wanaimwanga mu kalibu ya musalaba, na ile misalaba njo ilikuwa franga yao. Mwenye anasema mzungu alitufundisha kuchimba, anadanganya.

Ku miaka ya 1850 Ngelengwa akakuja yeye mwenyewe na bunduki chache. Wakubwa wa pale walikuwa na maadui. Akawasaidia kupigana, akaoa kwao, akakaa. Pole pole mugeni akakuwa mwenye nyumba. Watu wake wakaitwa Wayeke, utawala wake ukaitwa Garenganze, na muji wake mukubwa ukakuwa Bunkeya.

Namna alikuwa anatawala

Msiri alijua kwamba mwenye kushika njia ya biashara anashika inchi. Shaba, chumvi na pembe za tembo zilitoka kwake zikaenda pande mbili: ku bahari ya Zanzibar na ku Angola mupaka Benguela. Bunduki na baruti zikarudi. Mafundi wa Wayeke walijua kuvuta shaba mupaka inakuwa nyuzi, wanatengeneza nayo bangili.

Wanawake wake walikuwa mamia. Wengi walitoka mu jamaa za wakubwa wenye walikuwa chini yake, na wamoja aliwatuma kutawala vijiji kwa jina lake. Hao njo walikuwa macho na masikio yake. Guillaume alifanya vingine: mu mwaka 1086 alituma watu wahesabu kila shamba, kila kinu, kila ngombe ya Uingereza, na vyote vikaandikwa mu kitabu. Mu kile kitabu, majina ya mabwana wa Kiingereza karibu yote yalikuwa yameondoka, nafasi yao wamekamata Wanormandi. Tushike lile neno, tutalirudilia.

Lakini tusimufanye Msiri mutakatifu. Alikuwa anauzisha watu, na ile biashara ilimaliza vijiji. Arnot, mumisionere mwenye alifika Bunkeya mu 1886, aliona mafuvu ya watu yametundikwa ku miti. Mu 1891 Wasanga walichoka, wakamuasi. Vita ikazuiya watu kulima, njaa ikaingia. Hivi adui wa inje alikuta nyumba imekwisha kupasuka ndani.

Bendera ku kilima

Ile wakati wazungu wawili walikuwa wanagombania Katanga: Rhodes kutoka kusini, na Léopold II, mfalme wa Wabeleji. Mu Novemba 1890 Sharpe akakuja na karatasi ya Waingereza. Msiri akakataa. Mu Aprili 1891 Le Marinel akakuja kwa jina la Léopold. Msiri akakataa bendera tena.

Ule mwaka wa 1891 wenye mali kule Bruxelles wakaanzisha Compagnie du Katanga. Wakatuma kapiteni Stairs. Huyu Stairs alikuwa amekwisha kupita kwetu: mu 1889, pamoja na Stanley, alishuka bonde la Semliki, akapanda sehemu ya Rwenzori. Sasa akatoka Bagamoyo na watu zaidi ya 300, karibu wote wabeba mizigo Waafrika.

Alifika Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891. Msiri alipokataa, Stairs akasimamisha bendera ku kilima bila ruhusa. Mfalme akahamia kijiji cha karibu. Tarehe 20 Desemba kapiteni Bodson akaenda kumukamata. Msiri akachomoa upanga, Bodson akamupiga risasi, mfalme akafa pale pale. Mutu mumoja wa Msiri naye akamupiga Bodson, na Bodson akafa.

Njaa haikuchagua. Iliua watu wa Bunkeya, ikaua wabeba mizigo. Stairs mwenyewe alikufa na malaria mu Juni 1892 ku Chinde, mbele hajafika ku bahari ya wazi. Watu wake wenye walirudi Zanzibar hawakufika 200. Hakuna sanamu ya wale wabeba mizigo.

Karatasi

Mukanda-Bantu, mutoto wa Msiri, akakubali bendera. Ku Bruxelles, Compagnie ikawa imekwisha kupewa sehemu ya tatu ya udongo wenye walisema hauna mwenyewe, udongo wenye hakuna hata mumoja wao alikuwa ameukanyanga. Mu 1906 ikazaliwa Union Minière, na mu 1911 shaba yake ya kwanza ikatoka Lubumbashi. Wajukuu wa watu wenye walikuwa wanayeyusha shaba yao wenyewe wakakuwa watumishi wa mushahara mudogo. Mu Desemba 1941, wakati walifanya mugomo kwa kuomba nyongezo, Bulamatari akawapiga risasi mu uwanja wa mupira wa Élisabethville. Kiongozi wao Léonard Mpoyi alikufa pale, pamoja na wengine wengi.

Wandugu, tuangalie vizuri. Msiri alikuwa na bunduki, alikuwa na askari, alikuwa na shaba chini ya miguu yake. Kile hakukuwa nacho ni jina lake mu kitabu cha wale wenye walikuwa wanagawanya. Waingereza wa wakati wa Guillaume walipotea vilevile: kitabu kiliandikwa na mutu mwingine.

Leo sheria ya migodi ya 2002, yenye ilibadilishwa mu Machi 2018, inasema muchimbaji wa mikono anapashwa kuwa na karte na kuwa mu kooperative yenye kukubaliwa. Wengi wetu tunaona ile karte ni franga ya kupoteza bure, na ni kweli inatuumiza mufuko. Lakini mutu mwenye anashuka mu shimo bila karatasi, siku kampuni itafika na karatasi yake, atasema nini?

Na kooperative pia si muzimu wa kuamini macho yakiwa yamefungwa. Ku mukutano, muulize maneno matatu: jina langu limeandikwa wapi? Nani anashika kitabu? Kilo za wiki hii zimeandikwa ngapi? Kama mwenye kitabu anakasirika, basi mumekwisha kupata jibu. Mama wenye kutwanga na kuosha mawe nao waulize, juu majina yao njo yanasahauliwa ya kwanza.