Mtoto wa Mama Aliyejiua: Haki ya Kujua na Wajibu wa Kuomba

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Leo tunazungumzia jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa kunong'ona, au halisemwi kabisa.

Tupige mfano. Mtoto wa miaka minane, wa mtaa wa Ngarenaro mjini Arusha, anarudi kutoka chuoni na kukuta watu wamejaa uani. Anaambiwa kwamba mama yake amefariki kwa homa ya ghafla. Miaka ishirini inapita. Siku moja, katika arusi ya jamaa huko Usa River, chini ya Mlima Meru, jirani mmoja anateleza ulimi, naye anatambua kwamba mama yake alijiua. Tangu siku hiyo maswali matatu yanamnyima usingizi: Kwa nini alifanya hivyo? Je, ni mimi niliyemchosha? Na je, ninaruhusiwa kumwombea? Mfano huu tumeutunga sisi, lakini wenye maswali haya wamo miongoni mwetu, na pengine mmoja wao anatusikiliza hivi sasa.

Tuanze na swali la tatu, kwa kuwa ndilo linalotisha zaidi. Hatufichi kwamba kujiua ni haramu, tena ni katika madhambi makubwa. Surat An-Nisaa, aya ya 29, inakataza jambo hilo. Lakini aya hiyo hiyo inamalizia kwa kutukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ni mwenye kuturehemu. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir (R.A.) habari ya mtu wa kabila la Daws aliyehajiri Madina pamoja na Tufayl bin Amr. Mtu yule aliugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mikononi mpaka akafa. Tufayl akamwota akiwa katika hali nzuri, ila mikono yake imefunikwa. Alikuwa amesamehewa kwa sababu ya hijra yake, lakini mikono haikutengenezwa. Mtume (S.A.W.) alipohadithiwa ndoto hiyo, aliiombea maghufira mikono ile. Basi kama Mtume mwenyewe alimwombea, nani amzuie mtoto kumwombea mama yake?

Ni kweli kwamba imepokewa pia kuwa Mtume hakumsalia mtu mmoja aliyejiua. Imamu Nawawi ameeleza kwamba wanavyuoni wengi, akiwamo Imamu Shafii, wanasema ilikuwa ni kuwaonya watu, na kwamba masahaba walimsalia. Mwislamu huyo huoshwa, hukafiniwa, husaliwa na huzikwa makaburini pamoja na Waislamu wenzake. Hakuwa kafiri kwa tendo lake. Jambo lake li mikononi mwa Mola wake.

Ama swali la kwanza, yaani sababu, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka duniani. Waganga wanatufahamisha kwamba ni nadra kuwapo sababu moja tu. Ugonjwa wa sonona, ambao huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua, huungana na deni, au kipigo, au msiba, au maumivu yasiyopoa. Mgonjwa wa sonona huweza kuamini kwa dhati kwamba yeye ni mzigo, na kwamba wanawe watapumua akiondoka. Kwa hiyo kifo chake si kipimo cha mapenzi yake. Nasi tumefundishwa kwamba kalamu imeinuliwa kwa aliyeondokewa na akili. Akili ya mama yule ilibaki kiasi gani saa ile, anajua Muumba wake peke yake. Basi tusijifanye mahakimu.

Na swali la pili, jawabu lake ni fupi: mtoto hana hatia. Utundu wa mtoto wa miaka minane haumuui mama yake.

Mwenye kutaka kujua na amwendee mama mdogo au bibi, atoe shikamoo, aketi mkekani. Aanze kuuliza habari za uhai: mama alicheka vipi, alipenda kupika nini, alipoudhika alimwendea nani? Kisha aulize habari za mauti. Ajue pia kwamba sehemu ya jawabu marehemu amekwenda nayo.

Nanyi wazee wetu, tunafahamu kwamba mlinyamaza kwa huruma na kwa hofu. Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika chini ya Waingereza, ilihesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinapingana na Katiba. Lakini mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima ana haki ya kuambiwa kweli, kwa upole, na bila kusimuliwa namna tendo lilivyofanyika. Asipoambiwa na jamaa zake, ataambiwa na jirani arusini.

Majirani nao waache kusema kwamba nyumba fulani ina laana. Tukimwona mtu amejitenga na kukata tamaa, tumuulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumuuliza hakumtii fikra hiyo moyoni. Tusimwache peke yake, tuondoe karibu naye kila cha kumdhuru, tumpeleke hospitali. Na mtoto wa marehemu akilemewa na mawazo ya namna hiyo, naye aseme upesi; kutafuta matibabu ni Sunna.

Mwisho, amali ya mwanadamu ikikatika, dua ya mtoto mwema humfikia. Basi mlipieni mama deni lake, mtoleeni sadaka, mwombeeni kwa jina lake bila haya.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliotangulia, uwaponye waliovunjika nyoyo, na utupe ndimi za huruma. Amin.